Kukaa mbali ni kodi: hesabu ya nauli ya mtu wa Mbande anayefanya kazi Masaki

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za kero za daladala. Huu si wa kero, ni wa hesabu.

Nina shemeji yangu, mke wa kaka, anaishi Mbande. Kwa msiopajua: ukifika Mbagala Rangi Tatu ukadhani ndiyo mwisho wa Dar, bado. Unapanda gari nyingine, unapita Chamazi na uwanja wa Azam, unaendelea, ndipo Mbande. Kazi yake ni usafi kwenye ofisi moja Masaki. Analipwa 180,000 kwa mwezi, na mkononi inamfikia hivyo hivyo.

Twendeni taratibu. Mbande hadi Rangi Tatu 700. Rangi Tatu hadi Posta 700. Posta hadi Masaki 600. Hiyo ni 2,000 kwenda, na jua halijachomoza. Kurudi 2,000. Kwa siku 4,000, na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Jumla 104,000.

Yaani katika ile laki na themanini, anabaki na 76,000 za kula, sabuni, ada ndogo ndogo za shule, mchezo wa akina mama na kila kitu kingine. Zaidi ya nusu ya mshahara inaishia mikononi mwa makonda. Bosi wake, ambaye anaishi hapo hapo Oysterbay, anafika ofisini kabla redio ya gari haijamaliza taarifa ya habari.

Wiki iliyopita nililala kwao, nikamuona anavyojiandaa. Saa tisa na nusu usiku kaamka. Maji keshayachota jana. Nauli kaipanga tangu jioni: sarafu zimefungwa kwenye mafungu matatu, kila fungu ndani ya kipande cha mfuko wa nailoni, na kila fungu kwenye pindo lake la khanga. Nikamuuliza, shemeji, hivi vifungu vya nini? Akasema, "Ukimpa konda noti ya elfu tano alfajiri, chenji utaipata ukishashuka, na akishashusha anaondoka." Kwa hiyo anatembea na chenji yake mwenyewe. Viatu vya kazini viko kwenye mkoba, miguuni kandambili, kwa sababu Rangi Tatu kwenye kugombania mlango amepoteza viatu mara mbili.

Saa kumi na nusu yuko barabarani. Akitoka saa kumi na moja anakuta gari limeshajaa watu wenye akili kama zake. Masaki anaingia saa moja kasoro. Jioni akitoka saa kumi, nyumbani anafika saa moja na nusu, siku nyingine saa mbili. Fanyeni hesabu ya saa zake wenyewe, mimi nimechoka.

Jioni ndiyo balaa. Mnaijua ile ya kugeuza nalo? Gari likiwa bado linaingia mjini na abiria wa kushuka, wewe unalidandia vituo viwili kabla, unalipa, unazunguka nalo hadi mwisho ili ukae, halafu unalipa tena safari ya kurudi. Kiti unakinunua mara mbili. Shemeji anafanya hivyo siku ambazo mgongo umekataa kabisa. Hiyo sijaiweka kwenye hesabu.

Najua mtu atakuja kusema mwendokasi wa Mbagala, yale mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake, umekuja. Umekuja, na tunashukuru, baada ya lile zege la barabara ya Kilwa kukaa muda mrefu likisubiri mabasi huku bodaboda wakijipitia. Lakini mwendokasi unaishia Mbagala. Mbande haufiki, Masaki haufiki. Yeye bado ni gari tatu.

Na hapo ndipo kwenye hoja yangu. Kila siku tunapigia kelele bei. Desemba 2023 LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, walipopandisha nauli ya safari fupi kutoka 500 kuwa 600, humu jukwaani kulichimbika. Lakini kinachomuua mtu wa pembeni si ile mia moja. Kinachomuua ni kuunganisha. Kila akishuka anaanza upya, kama vile ni abiria mpya aliyezaliwa pale kituoni. Mtu wa Sinza anaenda Posta kwa gari moja, analipa mara moja. Mtu wa Mbande analipa mara tatu, na yeye ndiye mwenye mshahara mdogo. Nauli zetu zimepangwa hivyo kwamba maskini ndiye anayekatwa asilimia kubwa zaidi.

Hili lina historia yake. UDA, shirika la umma la mabasi ya Dar, ilianza 1974, ikazidiwa. Watu wakaanza kubeba abiria kwa magari binafsi kinyemela, na mwaka 1983 serikali ikaona bora iwaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, ile sarafu watu wakiiita dala, na jina likaganda hadi leo. Wakubwa humu mnakumbuka chai maharage, zile gari za mabenchi, mnakaa mmetazamana kama mko kwenye kikao cha posa. Zikaja Hiace tulizoziita vipanya, zikaja Kosta. Magari yamebadilika, mfumo haujabadilika: kila gari ni duka la mtu, na kila duka lina droo yake. Duka la Rangi Tatu halijui kwamba umeshalipa kwenye duka la Mbande.

Na mji haukusubiri. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa watu 4,364,541. Ya 2022 tukawa 5,383,728. Hiyo milioni moja ya juu mnadhani imejenga wapi, Upanga? Imejenga Chanika, Kivule, Msongola, Mbande, Bunju, Goba kule ndani. Kazi zimebaki kule kule zilikokuwa.

Halafu kuna hili linaloniuma kuliko yote. Tulishawahi kuwa na dawa. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa 650, ya mabasi ya mlisho, yale yanayoleta watu kwenye njia kuu, 400, na ukiunganisha vyote viwili ulilipa 800. Si 1,050. Mia nane! Kuna mtu alikaa ofisini akafikiria kwamba anayeunganisha gari asiadhibiwe. Na kumbukeni kabla ya hapo mwendeshaji alikuwa amependekeza nauli hadi 1,400, serikali ikagoma. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani.

Karibuni. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 – Mwenye IST

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna kitu kimoja. Kwa nini shemeji yako asihamie karibu na kazi? Apange chumba Mwananyamala au Msasani kule kwa watu wa kawaida. Watu tunapenda kulalamika wakati suluhisho lipo.

Halafu hii habari ya kutuona sisi wenye magari kama matajiri muiache. IST yangu nimeinunua kwa mkopo wa miaka minne, si kwa raha. Nimenunua ili nisigombanie mlango na shati jeupe. Foleni nakaa ile ile, na mafuta nanunua mimi.

#3 – Konda Mstaafu

Mleta uzi, umesema kweli lakini umeona upande wa abiria tu. Mimi nimepiga konda miaka tisa, njia ya Rangi Tatu humo humo, acha niwape upande wa mlangoni.

Gari ni la tajiri. Tajiri anataka hesabu yake, sisi ilikuwa laki kamili kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Mvua inyeshe, msafara upite, gari lipate pancha, hesabu ni laki. Kabla ya hiyo laki kuna mafuta. Kuna mpiga debe, ambaye abiria wamejaza gari wenyewe ila yeye kapiga bodi kofi mbili na anataka chake. Kuna faini za njiani, zenye risiti na zisizo na risiti. Kinachobaki ndiyo changu na suka, yaani dereva. Kuna siku tumegawana elfu nane kwa nane kwa kazi ya saa kumi na sita. Kuna siku tumemdai tajiri. Mkataba? Hakuna mkataba. Ukiugua, deiwaka, kibarua wa siku, anakaa mlangoni kesho, na akionekana mchangamfu kuliko wewe ndiyo basi.

Sasa mnatutukana kwa nini tunawaacha wanafunzi. Mwanafunzi analipa 200. Mtu mzima 600. Wanafunzi watatu ni mtu mzima mmoja, lakini wanasimama sehemu ya watu watatu. Serikali imempa mtoto punguzo, jambo jema sana, ila punguzo limekatwa kwenye mfuko wangu mimi na suka. Tajiri hajapunguza hesabu, kituo cha mafuta hakijapunguza. Mwanangu alikuwa anasoma shule ya kata, kila siku alikuwa anachelewa kwa sababu makonda wenzangu wanamuacha kituoni. Namuelewa konda, na mwanangu namuonea huruma. Yote mawili kwa mpigo.

Na kukatisha ruti. Asubuhi gari linaingia mjini limefurika hadi mlango haufungi, linarudi Rangi Tatu na watu watano wamesinzia. Jioni ni kinyume chake. Kwa hiyo yule aliyebanana anailipia na hewa ambayo gari linarudi nayo. Ukiona konda amekushusha njiani anasema gari bovu, gari si bovu. Amepiga hesabu kwamba akigeuza hapo atawahi tripu moja zaidi iliyojaa. Ni kosa, sikatai. Ila nyinyi mngekuwa na laki ya mtu kichwani mngegeuza pia.

#4 – Mama wa Samaki

Mimi naongea kidogo tu. Nachukua samaki soko la Feri. Kwenye mwendokasi, ukiwa na ndoo ya samaki unarudishwa mlangoni, na ni kweli wananuka, silaumu. Kwenye daladala ndoo inalipiwa kiti, na bado naambiwa nikae nayo nyuma. Wakati wa kubanana ndoo ikimwagika hasara yangu. Bodaboda ni elfu sita. Hivyo nikifika sokoni bei ya samaki imeshabeba nauli ya ndoo, halafu mteja ananiambia mama samaki wako ghali.

Anayemlipia yule samaki wa kule uswahilini hadi mwisho ni nani? Mwenye shida mwenzangu.

#5 – Jirani wa Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Nairobi na nasoma nikicheka kwa uchungu. Hapa kwetu matatu mvua ikianza kunyesha tu, nauli inapanda kabla hujafungua mwavuli. Ya hamsini inakuwa mia, na makanga anakutazama kana kwamba mvua umeileta wewe.

Hesabu yako ya gari tatu, hapa watu wengi wameshaimaliza kwa miguu. Ukija asubuhi njia za kuelekea Industrial Area utawaona, misururu ya watu wanatembea kutoka Mukuru na Kibera, haraka haraka, kimya, hakuna anayezungumza. Watakuambia mazoezi.

Na mwaka 2022 tulifunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, barabara ya juu, ya kulipia. Ukitaka kuona tabaka kwa macho yako simama kituo cha basi chini ya zile nguzo saa kumi na mbili jioni. Juu magari yanapita. Chini sisi na moshi.

#6 – Mleta uzi

Nimesoma wote, nijibu kwa mafungu.

Mwenye IST, hilo la kuhama nililitegemea. Kwanza, pale Mbande hawajapanga. Kaka alinunua kiwanja wakati bado ni mikorosho, akajenga vyumba viwili, wakahamia bila plasta na bila dari kwa sababu kodi ilikuwa inawamaliza. Unamwambia mtu atoke kwenye nyumba yake, hata kama haina madirisha ya kioo, akapange chumba kimoja na watoto watatu. Pili, hata kama angetaka: chumba cha huko unakosema wakidai laki moja tu, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka mwezi wake. Laki saba mezani. Mwenye 76,000 atazipata wapi laki saba? Nauli inamla 4,000 kwa siku na ni ghali kuliko kodi, lakini inamla kidogo kidogo. Shida hainunui kwa jumla, mkuu, shida inanunua rejareja.

Kuhusu gari lako, hapo nakubaliana nawe kabisa na nafuta kama nilikukwaza. Kwa kweli wewe ni ushahidi wangu. Umekopa miaka minne kukimbia mlango wa Kosta. Kila anayepata upenyo anakimbia, na kila anayekimbia anaongeza gari moja barabarani lenye mtu mmoja, na yule aliyebaki kwenye Kosta anachelewa zaidi. Foleni ni ile ile, sawa, lakini wewe umekaa, kioo umepandisha, na simu yako iko salama.

Konda Mstaafu, umenifungua macho kwenye lile la gari kurudi tupu, sikuwahi kuliwaza. Ni kweli. Ajira zote zimelundikwa upande mmoja wa mji, basi gari lazima lijae upande mmoja na kukauka mwingine. Kungekuwa na ofisi na viwanda vya kutosha huko Chamazi, gari lingejaa kote kote na nauli ingepumua.

Na hilo la wanafunzi, hapo ndipo naona mlango wa kutokea. Kama mtoto apewe punguzo, alilipe aliyelitangaza, si konda. Kama kipimo cha gari ni kilomita lilizotembea na si vichwa lilivyobeba, konda hana sababu ya kumuacha mtoto wala kugeuza njiani. Tajiri alipwe kwa kilomita, nauli iingie chungu kimoja, na abiria akate tiketi ya safari nzima: ukilipa Mbande, saa mbili zijazo panda shuka unavyotaka hadi ufike. Kadi tunazo, watu wanagonga N-Card, ile kadi ya kulipia, kwenye kivuko cha Kigamboni na maisha yanaendelea. Kugonga kadi si tatizo. Tatizo ni nani atakubali droo yake ifungwe.

Najua matajiri watagoma. Wengine ndio wanaotunga sheria, hilo tuliache.

#7 – Mkazi wa Kimara

Naongezea tahadhari kwa mleta uzi. Sisi wa Kimara tulishaondolewa daladala kwenye njia kuu 2016 ili mwendokasi upite. Mwanzoni tulitamba, Kimara hadi Kivukoni dakika arobaini, tukawacheka nyinyi wa Mbagala. Yale mabasi 140 yakaanza kupungua moja moja, mengine yakaloa Jangwani, maana karakana ilijengwa bondeni kwenye njia ya maji, na Jangwani mvua ikinyesha kila mtu Dar anajua kitatokea. Tukabaki tumepanga foleni kituoni, basi hakuna na daladala hakuna.

Na mkumbuke kwamba barabara hiyo hiyo ya Morogoro ilipopanuliwa kuelekea Kibaha, 2017, kuna watu walibomolewa nyumba zao. Baadhi yao leo wanaishi mbali zaidi, na wanapita pale pale palipokuwa sebule yao wakiwa wamesimama ndani ya basi. Daraja la Tanzanite la kule Oysterbay lilifunguliwa 2022, la Jangwani tumelisubiri muda mrefu kuliko hilo. Mimi sisemi kitu.

Kwa hiyo chungu kimoja sawa, lakini chungu kikitoboka wote tunalala na njaa. Usiwaondoe daladala wote kwanza halafu ndiyo utafute mabasi.

#8 – Konda Mstaafu

Kimara kasema. Mimi kulipwa kwa kilomita naunga mkono kwa mikono miwili, ila nani anahesabu hizo kilomita? Maana hapa mjini hata mita ya maji inazunguka usiku watu wamelala.

#9 – Mleta uzi

Kimara, umenishika pabaya na nakubali. Nilichokuwa naogopa kukiandika umekiandika wewe. Basi ianzie kwenye njia moja tu, ya pembeni, ambako hakuna anayeipigania. Mbande hadi Rangi Tatu kwa mfano. Gari zilipwe kwa kilomita, na tiketi yake ikubalike kwenye mwendokasi wa Mbagala kwa nyongeza ndogo kama ile ya 2016. Ikifeli, watakuwa wamefeli Mbande, na Mbande tumezoea.

Jingine. Jana nilimpigia shemeji nikamsomea uzi wote, na majibu yenu. Kwa Mama wa Samaki alisema "mwambie pole sana, na asikubali kukaa nyuma." Kwa Mwenye IST alicheka tu. Halafu akanirudisha kwenye hesabu. Akasema nimekosea. Nikamwambia shemeji, nauli si wewe umenitajia? Akasema nauli iko sawa, siku ndizo haziko sawa. Kuna Jumapili moja kila mwezi wanaitwa kwa usafi mkubwa, kuosha mazulia na vioo, na siku hiyo hailipwi, "ila nauli inalipwa."

Kwa hiyo si siku 26, ni 27. Pale juu msisome 104,000, someni 108,000, na anabaki na 72,000. Nimejaribu kuhariri, muda wa kuhariri umeshapita.